Bei Iko Wapi? Historia ya jQuery Kutokea Mwalo wa Kirando

Mwaka 2013 nilikuwa Kirando kwa kazi ya gazeti. Nilitumwa kuandika kuhusu samaki wakavu wanaotoka Ziwa Tanganyika, wanapanda mlima hadi Namanyere, kisha Sumbawanga, na wengine wanafika Tunduma na kuvuka mpaka. Pale mwaloni nikakaa na mama mmoja aliyekuwa na matenga yake ya migebuka. Mnunuzi alikuwa ameshateremka na Fuso, ameshataja bei, na bei hiyo haikumkaa vizuri yule mama. Jamaa alikuwa pembeni anakunywa chai, anasubiri jibu.

Nikaona nafasi ya kujidai kidogo. Nikamwambia gazeti letu lina ukurasa wa bei za masoko mtandaoni, na kwamba ukurasa huo nimeutengeneza mimi mwenyewe. Ilikuwa kweli. Nilikuwa mwandishi, lakini nilikuwa nimejifunza jQuery usiku usiku, na katika chumba chetu cha habari mtu akijua kitu kama hicho basi tovuti inakuwa mzigo wake.

Mama akatoa simu yake. Juu ya kioo kulikuwa na herufi E, ile ya mtandao wa polepole. Tukasubiri. Ikatokea nembo ya gazeti, kichwa cha habari, halafu majina ya mikoa yamepangwa kwenda chini. Akabonyeza Rukwa. Kimya. Akabonyeza tena.

"Sasa bei iko wapi, mwanangu?"

Nimeliweka swali hilo moyoni tangu siku ile, na kuna sababu. Bei zilikuwa mkononi mwake. Zilikuwa zimeshafika ndani ya simu, na salio lake ndilo lililozilipia. Ila mimi nilikuwa nimezificha, nikaagiza kitu kingine kije kuzifunua, na hicho kitu hakikufika.

Ili nieleze kitu hicho ni nini, na ilikuwaje nikakiamini kiasi kile, inabidi turudi nyuma kidogo.

Ukurasa wa intaneti ni maandishi yaliyopangwa kwa ukoo. Kuna ukurasa mzima, ndani yake kuna orodha, ndani ya orodha kuna vipengele, ndani ya kipengele kuna neno au picha. Kila kimoja kina mzazi, kina ndugu, na pengine kina watoto. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kinaushika ukoo huo wote kichwani kama mti. Ukitaka kitu fulani kwenye ukurasa kibadilike bila kuuleta ukurasa upya, lazima kwanza ukitaje kitu hicho, halafu ukiambie la kufanya. Kazi ni hizo mbili tu: kutaja na kuagiza.

Lugha ya kuagizia ilizaliwa kwa haraka. Mei 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10. Agosti 1996 Microsoft ikatoa Internet Explorer 3 ikiwa na lugha yake inayofanana na ile, ikaiita JScript. Kufanana si kuwa sawa. Kampuni hizo mbili zilikuwa vitani, na kila moja ilikuwa na namna yake ya kuutaja mti wa ukurasa. Oktoba 1998 shirika la viwango vya intaneti, W3C, likatoa mwongozo wa kwanza wa pamoja kuhusu mti huo. Mwongozo ukawepo, utii ukawa wa kusuasua.

Microsoft ikashinda vita ile, kisha ikalala. Internet Explorer 6 ilitoka Agosti 2001, na toleo la 7 likaja Oktoba 2006. Miaka mitano! Katikati hapo zikaingia Safari ya Apple na Firefox, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 2004. Mwandishi wa kurasa akajikuta anaandika agizo lilelile mara mbili. Ukitaka kitufe kisikilize kubonyezwa, Firefox ulikiambia addEventListener, Internet Explorer ulikiambia attachEvent. Ukitaka kuleta habari mpya kutoka kwenye seva, huku unaita kitu kimoja, kule unaita kingine kabisa. Mtu unamaliza siku nzima unapatanisha vivinjari, na habari yenyewe bado hujaigusa.

Watu kadhaa walianza kutafuta njia. Mwaka 2003 Simon Willison aliandika kipande cha msimbo kilichowezesha kutaja vitu vya ukurasa kwa lugha ya CSS, ile ambayo wabunifu walikuwa wanaitumia kupaka rangi na kupanga sura. Mwaka 2005 Sam Stephenson akatoa Prototype, na humo ndimo alama ya dola ilipoanza kutumika kama jina fupi la kuita kitu cha ukurasa. Mwaka huohuo Dean Edwards akatoa cssQuery. Mawazo yalikuwa hewani tayari. Aliyeyakusanya ni kijana wa Kimarekani, John Resig, aliyekuwa na miaka 21. Tarehe 14 Januari 2006, kwenye mkutano wa watengenezaji programu jijini New York, alionyesha maktaba yake ya msimbo aliyoiita jQuery. Toleo la 1.0 lilitoka Agosti mwaka huo, bure, na ruhusa ya kila mtu kulitumia.

Maktaba hapa haina rafu wala vitabu. Ni faili moja la maagizo yaliyoandikwa tayari, unalipachika kwenye ukurasa wako, halafu unaandika yako mafupi juu yake. Uzuri wa jQuery naweza kuueleza kwa mambo mawili, na yote nadhani msomaji wa Kiswahili anayajua bila kufundishwa.

La kwanza ni namna ya kutaja. Kirando hakuna anayekuelekeza kwa namba ya nyumba. Unaambiwa: nenda kwa yule mama muuza migebuka, muulize mtoto wake wa pili. Unataja mtu kwa kazi yake, kwa kundi lake, kwa undugu wake na mtu mwingine. jQuery ilifanya hivyohivyo. Unaweza kutaja kitu kwa jina lake pekee, au kwa kundi, au kwa ukoo: vipengele vyote vya samaki vilivyomo ndani ya orodha ya Rukwa. Unaandika hivi:

$("#rukwa li.samaki")

Umeshamaliza kutaja.

La pili ni namna ya kuagiza. Katika JavaScript ya zamani, ukitaka vitu 20 vibadilike, unavikusanya, unavihesabu, unapita kimoja kimoja. jQuery ilikuwa na kitu kama upatanisho wetu wa ngeli. Tukisema "vitabu vyangu vyote vimechanika," hatuzunguki kitabu hadi kitabu. Ile vi- inalibeba kundi zima mpaka mwisho wa sentensi. Kwa jQuery unataja kundi, unatamka agizo mara moja, kila aliyemo analitii. Na agizo likishatendeka unaweza kuunganisha lingine palepale, na lingine, bila kutaja kundi upya.

Na chini ya hayo yote, kimyakimya, maktaba ilikuwa inakagua: hiki ni kivinjari gani? Kama ni cha Microsoft, inazungumza Kimicrosoft. Kama ni Firefox, inazungumza cha kwao. Wewe hujui wala huhitaji kujua. Kaulimbiu yao ilisema andika kidogo, fanya mengi, na jamani ilikuwa hivyo.

Hata ile alama ya dola ilileta visa. Kwa kuwa Prototype na jQuery zote ziliitaka, ukiziweka kwenye ukurasa mmoja zinagombana. jQuery ikaweka agizo maalumu la kuiachia nyingine alama hiyo kwa amani. Mhariri wangu, niliyejaribu kumweleza tatizo hilo, alicheka akasema kumbe hata huko wanagombania dola, tena wao wana utaratibu wa kuachiana.

Septemba 2008 Microsoft na Nokia zilitangaza kwamba zitaitumia. Mfumo wa WordPress, ambao tovuti nyingi za magazeti na blogu za kwetu zimejengwa juu yake, ukawa unaibeba jQuery ndani yake, kwa hiyo watu wengi waliitumia bila kujua hata jina lake. Hapo jirani, Nairobi, mfumo wa Ushahidi uliozaliwa Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ulipojengwa upya na kugawiwa bure ulitumia jQuery pamoja na maktaba ya ramani ya OpenLayers. Ramani ile ya nukta nyekundu iliyosambaa duniani ilikuwa inasukumwa na dola hiyohiyo.

Lakini angalieni walichofanya Ushahidi. Ramani ilikuwa ya mwenye kompyuta. Mwenye kitochi aliweza kutuma taarifa kwa SMS. Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia hawakumdai shahidi wa Eldoret awe na kivinjari kizuri ndipo ushahidi wake uhesabiwe. Mimi nilisoma msimbo wao mwaka 2012 kujifunza ramani inavyochorwa, na somo hilo la SMS likanipita.

Maana jQuery ilikuwa wema kwa mwandishi wa ukurasa, na gharama ya wema huo ililipwa na msomaji. Faili la maktaba, katika matoleo ya miaka ile, lilikuwa na uzito wa kilobaiti 90 hivi likiwa limeshabanwa maandishi yake, na zaidi kidogo ya 30 likisafirishwa kwa mbano wa gzip. Kwa mtu aliye ofisini Dar es Salaam mwaka 2013 hicho si kitu. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulishafika pwani yetu Julai 2009, na sisi tuliokaa karibu nao tulianza kutengeneza kurasa kana kwamba nchi nzima imekaa karibu nao. Kirando iko upande wa pili wa nchi. Ukisimama ufukweni unatazama Kongo. Kilobaiti zile 30, kwenye herufi E, zinakuja kama abiria wa Liemba, meli ile ya Wajerumani ya 1913: zinaweza kufika, ila usimwahidi mtu saa.

Tena nilikuwa nimefanya jambo lililoonekana la kijanja. Badala ya kuiweka maktaba kwenye seva yetu, niliichukua moja kwa moja kutoka seva ya nje inayogawa mafaili hayo kwa dunia nzima. Nilisoma mahali kwamba ndivyo wataalamu wanavyofanya, na kwa kawaida inaharakisha kazi. Kwa simu ya mama yule ilikuwa safari ya pili, kwenda kwa mtu wa pili, na safari hiyo ndiyo iliyokwama.

Sasa turudi mwaloni. Majedwali ya bei yalikuwa ndani ya ukurasa. Nilitaka yasijazane kwenye kioo, kwa hiyo kwenye CSS, kwenye mambo ya sura, niliandika kwamba yote yafichwe. Halafu nikaandika kwa jQuery: mtu akibonyeza jina la mkoa, jedwali linalofuata lifunuliwe. CSS ikafika na kuficha. jQuery haikufika kufunua. Mama akabaki anabonyeza mlango ambao mwenye ufunguo yuko njiani.

Kijana wa kibanda cha kuchaji simu alikuwa anatutazama. "Mama, hebu nifungue kwangu kwa Opera," akasema.

Opera Mini nayo ina historia yake, na inashangaza jinsi zilivyokutana. Kampuni ya Opera ya Norway iliitoa kwa dunia Januari 2006, mwezi uleule wa jQuery. Ilijibu tatizo kwa kulianzia upande wa pili. Simu ndogo haikupewa kazi ya kuufungua ukurasa. Seva ya Opera, huko mbali, ndiyo iliyoufungua, ikatekeleza skripti zake, ikaubana ukurasa (hadi asilimia 90, kwa maelezo ya kampuni yenyewe), kisha ikautuma kwenye simu ukiwa umeshapikwa. Ukibonyeza kitu kinachotegemea skripti, ombi lako linarudi kule kwenye seva, linatendwa kule, na ukurasa uliobadilika unarudi. jQuery ilimwondolea mzigo mwandishi, Opera Mini ilimwondolea msomaji. Watu wa New York waliijua ya kwanza. Watu wa Kirando waliijua ya pili, tena walikuwa wataalamu wake.

Kwa yule kijana bei zilifunguka. Ilichukua muda, kila ukibonyeza unangoja, lakini zilifunguka. Tulipogeuka kumwonyesha mama, alikuwa ameshasimama, anahesabiwa pesa. Jamaa wa Fuso alikuwa amemaliza chai.

Sitasema alipunjwa. Sikuiona bei aliyopewa, na kwa heshima sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba alitaka kulinganisha kabla ya kukubali, na kilichomnyima nafasi hiyo ni mistari yangu miwili.

Usiku ule kwenye gesti nilifungua kompyuta, nikachomeka modemu, nikabadilisha ukurasa. Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo hadi yanatia aibu. Nilifuta agizo la kuficha kwenye CSS. Nikaliandika upya ndani ya skripti:

$(".bei").hide();

Yaani nilihamisha kazi ya kuficha kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kama jQuery inafika, inaficha majedwali na inayafunua kwa kubonyeza, vizuri kabisa. Kama haifiki, hakuna aliyeficha, na kila kitu kiko wazi. Anayeficha awe yuleyule anayeweza kufunua. Wataalamu wana falsafa nzima ya kujenga hivyo, kuanza na kilicho cha lazima na kuongeza mapambo kwa wenye uwezo wa kuyapokea, na Steven Champeon alishaipa jina mwaka 2003, miaka mitatu kabla ya jQuery na 10 kabla ya mimi kufika Kirando. Halikuwa jambo geni. Nililijua kama msamiati, sikuwahi kuliona likimgharimu mtu.

Yaliyofuata katika historia ya jQuery ni ya kushuka kwa heshima. Vivinjari viliiga ustadi wake mkuu: kuanzia miaka ya 2008 na 2009 vilianza kuwa na agizo la querySelector, linalotaja vitu kwa lugha ya CSS bila maktaba yoyote. Aprili 2013 toleo la 2.0 la jQuery likaachana na Internet Explorer 6, 7 na 8. GitHub ikaiondoa kwenye kurasa zake mwaka 2018. Bootstrap, iliyokuwa ikiitegemea, ikaacha kuitegemea kwenye toleo la 5 mwaka 2021. Na tarehe 15 Juni 2022 Microsoft ikaistaafisha Internet Explorer yenyewe, ule ugomvi ambao jQuery ilizaliwa kuusuluhisha. Mpatanishi hakubaki na kesi.

Hata hivyo bado yupo kwenye baraza. Ukihesabu tovuti za dunia, zaidi ya theluthi mbili bado zinaibeba. Agosti 2020 WordPress 5.5 ilipoacha kuwasha kipande kilichokuwa kinasaidia msimbo wa zamani wa jQuery uendelee kufanya kazi, tovuti nyingi ziliamka vitufe vyake vimekufa, ikabidi watoe kiongezi cha kurudisha mambo. Watu wakagundua siku hiyo kwamba walikuwa wanaishi juu ya kitu wasichokijua. Na warithi wake, mifumo mikubwa kama React iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, mara nyingi wanajenga ukurasa wote kwa skripti. Skripti ikikwama hapo, hata jina la mkoa hulioni. Mimi nilificha jedwali tu.

Ndiyo maana nikisoma historia za teknolojia zinazosimuliwa kama mfululizo wa uvumbuzi, huyu akatoa hiki, yule akakiboresha, naona kuna safu imekosekana kwenye jedwali: kila hatua, nani alipunguziwa kazi na nani aliongezewa. jQuery ilinipunguzia mimi. Naipenda mpaka leo, na sitaisema vibaya. Lakini kazi haikuyeyuka, ilihamia kwenye simu ya mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi nilirudi mwaloni. Mama alikuwepo, mitumbwi ilikuwa imeshaingia. Nikamwomba ajaribu tena. Herufi E, nembo, kichwa cha habari, na chini yake, mkoa kwa mkoa, majedwali yote yako wazi, ukurasa mrefu mbaya kuutazama. Akateremka taratibu kwa kidole gumba mpaka Rukwa. Akasoma kwa sauti ya chini, akasonya kidogo.

"Hizi bei ni za Jumatatu," akasema. "Leo Alhamisi, mwanangu."

Nikaifunga kompyuta, nikatoa daftari, nikamuuliza ya leo ni ngapi.